Timazi Mbele ya Lenzi

Fundi aliyejenga mnara ule hakunigombeza. Aliitoa kalenda kwenye msumari ukutani, akailaza mezani kati ya birika la chai na sahani ya viazi vya kuchemsha, akaweka kidole kwenye ukingo wa kushoto wa mnara na kukipandisha taratibu mpaka usawa wa paa lake. Akaweka kidole cha mkono wa pili upande wa kulia, nacho akakipandisha. Vidole viwili vilivyoanza mbalimbali chini vikafika juu vimekaribiana.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa ukuta unaangukia nyuma. Mimi nilipiga timazi kila kozi tatu."

Ilikuwa Januari, na mvua za Kilolo, mkoani Iringa, mwezi huo hazina mchezo. Kalenda ilikuwa imesambazwa usharikani siku chache tu zilizopita, kila nyumba ina nakala yake. Picha ya jalada ilikuwa yangu: kanisa la matofali ya kuchoma, bati jekundu, mnara wa mita kama 14 kutoka ardhini hadi ncha ya msalaba, anga la Agosti lisilo na wingu. Watu waliisifu. Mimi mwenyewe niliipenda, mpaka vidole vya mzee yule vilipopita juu ya karatasi. Tangu hapo sikuweza tena kuitazama bila kuona mnara unaoanguka. Na kalenda haishuki ukutani kabla ya Desemba.

Napiga picha za majengo Iringa na Mbeya: makanisa, loji, shule, nyumba za watu waliojenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao lenta, kupaua mpaka mahindi yapate bei. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza, "Kaka, ninunue lenzi gani ya pembe pana?" Kila nikiulizwa hivyo nairudia meza ile. Leo nataka nijibu kwa kirefu, maana swali lenyewe lina jambo linalotangulia, na jambo hilo lisipoeleweka hata lenzi ya mamilioni itamwangushia fundi ukuta wake.

Lenzi ya pembe pana husingiziwa sana. Utasikia watu wanasema inapinda majengo. Kinachofanya kuta zikaribiane juu ni kuinua kamera. Ndani ya kamera kuna kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga. Kikisimama wima sambamba na ukuta, mistari iliyo wima ukutani itatoka wima pichani, lenzi iwe pana kiasi gani. Ukiinua pua ya kamera ili upate paa, kihisi kinalala chali kidogo. Hapo sehemu ya juu ya jengo inakuwa mbali nacho kuliko sehemu ya chini, na cha mbali huonekana kidogo. Juu panabana, chini panatanuka. Lenzi ya milimita 50, ambayo si pana (namba ikiwa ndogo ndipo lenzi huwa pana), ukiiinua kwa kiasi hichohicho itafanya vilevile. Tofauti ni kwamba lenzi pana inakuonyesha ukuta mrefu zaidi kwa mara moja, ndiyo maana kosa linapiga kelele.

Macho yetu nayo hupata taswira ya namna hiyo tunapotazama juu, lakini akili inajua kwamba tumeinua shingo, inatusahihishia. Karatasi haina shingo. Kingo zake nne zimenyooka, na ukuta ulioegemea ukisimama kando ya ukingo ulionyooka, mtoto wa darasa la pili ataona.

Siku ile baada ya chai mvua ilikatika, mzee akachukua mfuko wake wa kazi, tukatembea hadi kanisani. Kwenye kiwanja pana mparachichi mmoja mkubwa. Akafunga uzi wa timazi kwenye tawi lake, akaliachia lile pande la chuma lishuke, akalishika kwa vidole viwili mpaka likaacha kuzunguka. Uzi ukawa mita moja hivi mbele yangu. "Haya, piga kama ulivyopiga siku ile," akasema.

Nikainua kamera kama siku ile. Nikauweka uzi katikati ya fremu: umesimama sawasawa. Nikageuka kidogo, pua ya kamera ikiwa imeinuka vilevile, uzi ukaenda ukingoni kushoto: ukalala, ncha yake ya juu imeelekea ndani ya picha. Nikaupeleka ukingo wa kulia: ukalala tena, na ncha ya juu imeelekea ndani kutoka upande wa pili. Uzi uleule, wenye chuma kilichotulia chini yake! Nikashusha kamera pole pole. Kadiri nilivyoishusha, uzi ulijiinua, mpaka ukalingana na ukingo wa fremu. Nikauhamisha kushoto, nikauhamisha kulia, ukabaki wima kila mahali. Nilipotazama mnara nao ulikuwa umesimama, ila umekatwa: msalaba na sehemu ya juu vilikuwa nje ya picha, na nusu nzima ya fremu ilikuwa matope na nyasi.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo lote. Mstari wa katikati hukuambia kama kamera imeinamia ubavuni. Mistari ya kingoni ndiyo inayokuambia kama umeinua au umeshusha pua. Wapiga picha wengi hunyoosha kwa kutazama katikati, mlango mkuu umesimama, basi, wanabonyeza. Tazama kingoni. Washa gridi kwenye kamera au kwenye simu, kisha linganisha kona ya kushoto ya jengo na mstari wa gridi wa kushoto, kona ya kulia na wa kulia. Kamera nyingi za siku hizi zina pima maji ya kielektroniki inayoonyesha pande zote mbili. Iwashe na usiizime. Na huku kwetu nyanda za juu usiiamini ardhi hata mara moja. Barabara inapanda, kiwanja kinashuka, upeo wa macho ni kilima. Ukinyoosha picha kwa kufuata barabara ya Iringa mjini utalilaza jengo zima. Fuata kuta.

Sasa tufike kwenye lenzi. Kamera ikiwa wima haiangalii juu, basi itaona juu kiasi gani? Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua kihisi cha milimita 36 kwa 24. Ukishika kamera kwa kulala, yaani picha iwe pana kuliko kimo chake, nusu ya kimo cha kihisi ni milimita 12. Gawanya kwa milimita za lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama, utapata urefu ambao picha itaona kuanzia usawa wa kamera kwenda juu. Kwa lenzi ya 24, 12 kwa 24 ni nusu: ukisimama mita 20 unaona mita 10 juu ya kamera, ongeza mita moja na nusu ya kimo cha kamera yenyewe. Ukiisimamisha kamera, yaani picha iwe ndefu kuliko upana wake, nusu ni milimita 18, na lenzi ileile inaona mita 15 juu yake. Kwa kamera zenye kihisi kidogo cha APS-C, ambazo ndizo wengi wetu tulianza nazo, tumia 8 badala ya 12 na 12 badala ya 18.

Nilipiga hesabu ya kanisa lile usiku uleule. Nyuma yangu kulikuwa na bonde, kwa hiyo mwisho wa kurudi ulikuwa mita 16. Lenzi yangu ilikuwa ile inayokuja na kamera, inaanzia 18, kwenye kihisi kidogo. Kwa kulala iliona mita 8 na nusu hivi kutoka ardhini. Kwa kusimama, kama mita 12. Msalaba uko mita 14. Hapakuwa na namna ya kuupata bila kuinua kamera. Jambo lilikuwa limeshaamuliwa kabla sijabonyeza. Kwa lenzi ya milimita 10, kamera imesimama, ningeona zaidi ya mita 20, anga juu ya msalaba ikiwemo.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaoniuliza ni swali: unasimama wapi? Pima kwa hatua majengo unayopiga mara nyingi, jua mita zako za kurudi nyuma, kisha ununue. Mtu wa mjini Iringa anayepiga maduka na nyumba za mitaa ya katikati, ambako ng'ambo ya barabara kuna ukuta mwingine, atahitaji 16 hadi 20 kwa kihisi kikubwa, au 10 hadi 13 kwa kidogo. Anayepiga shule na misheni zenye viwanja vipana, 24 hadi 35 itamtosha miaka mingi. Mimi ningeanza na zumu ya 10-18 au inayokaribiana nayo kwa kihisi kidogo, hata kama ni ya mtumba, ilimradi vioo vyake havina ukungu wa kuvu. Huku kwetu kuna baridi na unyevu, vioo hushika ukungu upesi vikifungiwa kabatini.

Lenzi pana kamera ikiwa wima inakuletea ardhi nyingi. Ikate bila huruma. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ikiwa imesimama, ukiondoa theluthi ya chini unabaki na 4000 kwa 4000, megapikseli 16. Ukurasa wa A4 uliochapwa kwa nukta 300 kwa inchi unataka 2480 kwa 3508. Zinabaki za kutosha. Au usiikate, tumia ardhi yenyewe: uwanja uliofagiwa asubuhi, mistari ya ufagio ikienda mlangoni, ni mapambo ambayo hakuna mbunifu anayeweza kukuchorea.

Ipo njia ya tatu, ambayo nyanda za juu zinatupa bure. Panda. Kamera ikifika nusu ya kimo cha jengo, haihitaji tena kuona mbali juu; inaona nusu juu, nusu chini. Mnara wa mita 14 ukiupiga kutoka usawa wa mita 7, lenzi yangu ya 18 ingeutosha vizuri kabisa kwa kamera iliyosimama. Miji yetu iko milimani. Ng'ambo ya karibu kila jengo kuna mteremko, ngazi, kibaraza cha ghorofa ya jirani, au pikapu iliyoegeshwa mahali pa juu. Nimegonga milango ya watu wengi kuomba dakika kumi kwenye kibaraza, na sijafukuzwa. Ukisema "Kamwene", salamu ya huku kwetu, kwa heshima na ukaeleza unachopiga, utaletewa na kiti.

Wenye uwezo wana lenzi ya shifti. Ndani yake kuna ujanja wa kamera kubwa za zamani zenye mvukuto, ambazo mpiga picha alipandisha ubao wa lenzi huku sahani ya picha imesimama wima. Nikon walileta wazo hilo kwenye kamera ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa lenzi ya milimita 35. Canon wakafuata mwaka 1973 na lenzi inayosogea na kuinama pia. Mwaka 2009 wakatoa ya 17 na toleo jipya la 24. Lenzi hizi hutupa duara la picha kubwa kuliko kihisi, kwa hiyo unaweza kuisogeza lenzi juu, milimita 12 kwa hiyo ya 24, na kihisi kikachota sehemu nyingine ya duara. Kamera haijainuka. Ukirudi kwenye hesabu yetu, 12 imekuwa 24, na 24 kwa 24 ni moja: mita 16 za umbali, mita 16 juu. Niliwahi kuazima moja kwa siku mbili. Kuona mnara ukishuka taratibu ndani ya fremu, kuta zake zimenyooka kama zilivyojengwa, ni raha ambayo bado ninayo mkononi. Bei yake lakini inazidi pikipiki mpya, na kwa mtu ambaye hajapata kazi za kuilipa, siishauri.

Programu ya kuhariri picha je? Naitumia. Lightroom tangu mwaka 2013 ina kitufe kinachosimamisha mistari chenyewe, na hata simu zina programu za namna hiyo. Jua tu gharama yake. Inaponyoosha, inaivuta sehemu ya juu ya picha kama mtu anayetanua chapati upande mmoja, kwa hiyo paa linapoteza ukali wake, na pembe mbili za chini zinakatwa. Kama hukuacha nafasi pembeni, unakata jengo. Na jengo lililopigwa kamera ikiwa imeinuliwa sana, kisha likanyooshwa, hutoka refu na jembamba, halifanani na lile ambalo watu wanalijua. Itabidi ulirudishe upana kwa mkono. Kamera ikiwa imeinuliwa digrii mbili tatu, programu inamaliza bila kuacha alama. Zikifika 15, kama zangu za siku ile, rudi ukapige upya.

Kuna jambo ambalo kunyoosha hakuliponyi. Kwenye lenzi pana sana, kila kilicho kingoni huvutwa kuelekea nje. Msimamishe mwanakwaya pembeni ya picha ya milimita 16, kichwa chake kitatoka kama papai. Tangi la maji la duara litakuwa yai. Magari, watu, na vitu vya mviringo, viweke karibu na katikati au viondoke. Hilo ni tofauti na tumbo la pipa, pale ukingo wa bati unapobonyea kama upinde. Tumbo ni kasoro ya lenzi yenyewe, na programu ikijua lenzi yako inaliondoa mara moja.

Mbeya ilinifundisha kuiacha lenzi pana begini. Nilipewa kazi ya hosteli ya ghorofa tatu, mlima Loleza nyuma yake, na mwenye jengo alitaka mlima uonekane. Nikasimama mita 20, lenzi ya 18, kila kitu kikaingia, na Loleza ukawa kichuguu nyuma ya bati. Nikavuka barabara, nikapita shamba la viazi, nikafika mita 80, nikaweka 70. Hosteli ilikuwa na ukubwa uleule kwenye fremu, na mlima ulikuwa umekua mara nne, umesimama juu ya paa kama tunavyouona sisi tunaoishi chini yake. Na kwa umbali ule karibu hapakuwa na haja ya kuinua kamera. Stesheni ya TAZARA pale Mbeya, jengo kubwa la zege la reli iliyojengwa miaka ya 1970 hadi 1975, nayo hupendeza zaidi ukirudi nyuma kwenye uwanja wake kuliko ukiisogelea na lenzi pana. Omba ruhusa kwanza. Stesheni, madaraja na majengo ya serikali hayapigwi picha kiholela.

Na angalia jengo limeelekea wapi. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, Mbeya karibu 9. Juni na Julai jua linapita kaskazini mwetu kutwa nzima, na jengo lililoelekea kusini halipati jua usoni hata dakika moja. Jua lake la mchana litarudi katikati ya Oktoba na kuondoka mwisho wa Februari, yaani sehemu kubwa ya msimu wa mvua. Kuna loji moja ya namna hiyo niliyoisubiri mpaka Novemba, asubuhi baada ya mvua ya usiku, vumbi lote limelala. Mwenye loji alikasirika kwa kuchelewa, ila picha ile bado iko juu ya meza yake ya mapokezi. Vyumba vyake nilivipiga kwa 24, kamera usawa wa kifua. Alitaka 16 ili vionekane vikubwa. Nilikataa, kwa sababu mgeni atakayefika saa mbili usiku na mabegi yake ndiye atakayelipa tofauti hiyo.

Usinyooshe kila kitu pia. Majengo mengi ya kale ya misheni yana nguzo nzito za kuegemeza ukuta zinazotanuka kuelekea chini. Hizo zimelala kwa makusudi. Ukiivuta picha mpaka nguzo isimame, umeupindua ukuta kwa nje. Tafuta mstari ambao fundi aliupiga timazi, fremu ya dirisha au kona ya mnara, nyoosha kwa huo, na vingine viache vikae vilivyo.

Kanisa la Kilolo niliomba kulipiga tena, bila malipo. Lilikuwa jambo la Juni, saa mbili na nusu asubuhi, baridi ya kukaza vidole, jua likiwa usoni mwa mnara, maana mlango mkuu umeelekea mashariki. Lenzi ya 10, kamera imesimama juu ya stendi, pima maji katikati, kona zote mbili za mnara zimelingana na mistari ya gridi. Nilikata nyasi za chini, nikabaki na uwanja kidogo na kivuli cha mparachichi.

Nilimpelekea mzee nakala iliyochapwa. Aliilaza mezani palepale, akaweka vidole viwili chini ya mnara, akavipandisha pamoja. Vilifika juu vikiwa na nafasi ileile. Akarudia. Kisha akainama karibu zaidi na kugusa mlango mdogo wa ubavuni.

"Fremu hii imelala."

Nikaanza kumweleza kuhusu kingo za picha na lenzi pana. Akanizuia kwa mkono.

"Hapana, mwanangu. Hii imelala kweli. Tuliiweka mvua inanyesha, nikasema nitarudi kuipiga timazi. Sikurudi."

Jumatatu yake alikwenda na kijana wake wa kazi, wakaing'oa.